Programu ya Barua Pepe kwa Mwenye Akaunti Nyingi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara kwenye meza yetu hapa Kisumu, na mengine huja kwa simu kutoka Nakuru, Kakamega, Busia na Kisii. Anayeuliza kwa kawaida ana akaunti tatu au nne: Gmail aliyoifungua akiwa chuoni, ya ofisi, ya biashara inayoishia na .co.ke, na Yahoo ya kale ambayo benki bado inaitumia. Ukiwa na haraka, soma swali la 3, kisha la 5 kama ni kompyuta au la 8 kama ni simu. Mengine uyarudie ukikwama.

## Mambo ya msingi

1. Programu ya barua pepe ni nini hasa? Si ni hiyo hiyo Gmail?

Mkanganyiko huu umeletwa na kampuni zenyewe, kwa kuvipa vitu viwili jina moja. Akaunti ni anwani yako pamoja na nafasi uliyotengewa kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni iliyo mtandaoni. Huko ndiko barua zinakofikia na kukaa. Programu ni kile unachotumia kuzifikia. Chukulia mfano wa sanduku la posta: sanduku liko posta, ufunguo uko mfukoni mwako. Mwenye masanduku matatu katika miji mitatu anaweza kuweka funguo zote kwenye pete moja, na pete ikipotea barua bado ziko palepale.

Kwa hiyo anwani ya Gmail inafunguka ndani ya Thunderbird au Outlook, na programu ya Gmail kwenye simu inaweza kufungua akaunti ya Yahoo. Ukibadilisha programu hujabadilisha anwani, na wateja wako hawatajua lolote.

2. Nina Gmail mbili tu. Kweli nahitaji programu?

Pengine huhitaji. Tengeneza wasifu mbili ndani ya Chrome, moja ya kazi na moja ya nyumbani, kila moja na akaunti yake, na uendelee na shughuli zako. Hatuna haja ya kumuuzia mtu dawa asiyougua.

Faida ya programu huanza kuonekana akaunti zinapokuwa za kampuni tofauti, au unapotafuta barua na hukumbuki iliingia wapi. Mfikirie wakala wa forodha Busia: hati za mzigo zinakuja kwa anwani ya kampuni, dereva anatuma picha za stakabadhi kwa Gmail yake binafsi, na mwenye mali anaandika kwa Yahoo. Akiwa na programu, anaandika namba ya kontena mara moja na akaunti zote zinatafutwa kwa pamoja. Kwenye kivinjari angefungua kila akaunti peke yake huku lori limesimama mpakani.

Faida ya pili ni kusoma barua wakati hakuna mtandao. Hiyo tumeieleza katika swali la 16.

3. IMAP na POP3 ni nini, na nichague ipi?

Ni njia mbili ambazo programu hutumia kuzifikia barua zilizo kwenye seva. Chagua IMAP.

POP3 ni mtindo wa enzi za mtu mmoja, kompyuta moja. Inazichukua barua kutoka kwenye seva na kuzileta kwenye mashine yako, na mara nyingi ikishazileta inazifuta kule zilikotoka. Hiyo laptopu ikiibwa kwenye steji au ikimwagikiwa chai, barua za miaka mingi zimekwenda nayo. Isitoshe, POP3 huleta kikasha peke yake: barua ulizotuma kutoka kwenye simu hazitaonekana kwenye kompyuta, na folda ulizopanga ofisini hazitaonekana nyumbani.

IMAP, iliyobuniwa na Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986, huziacha barua kwenye seva na kukuonyesha zilivyo huko. Ukiisoma barua kwenye simu ukiwa Kondele, kompyuta ya ofisini itajua imesomwa. Ukiihamisha kwenye folda, imehama kila mahali.

Ndiyo maana tunapima kila programu kwanza kwa kigezo kimoja: ukiiondoa kesho, barua zako zitakuwa wapi? Jibu likiwa "kwenye seva, kama zilivyo," basi makosa mengine yote yanarekebishika, maana unaweza kuijaribu mwezi mmoja na kuiacha bila hasara. Jibu likiwa "sijui," usiweke akaunti ya biashara humo.

4. Ni lazima nilipe?

La. Programu nzuri kuliko zote kwa mtu wa kawaida ni za bure, na utaziona hapa chini. Unacholipia ni bando, na kwa biashara, nafasi kwenye seva ya kampuni inayokuhifadhia tovuti.

## Kuchagua

5. Kwenye kompyuta nianze na ipi?

Thunderbird. Ni programu huria (msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua), haina matangazo, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Toleo lake la kwanza kamili lilitoka Desemba 2004 chini ya Mozilla, wale wa Firefox, kwa hiyo si kitu cha juzi. Haina kikomo cha akaunti, na unaandika jina, anwani na nenosiri tu. Kwa Gmail, Outlook.com na Yahoo inajitafutia seva yenyewe.

Tunaipendekeza kwa sababu tatu zinazogusa maisha ya huku. Kwanza, inaongea na seva yako moja kwa moja, bila kampuni nyingine katikati. Pili, unaweza kuiambia isipakue viambatisho vikubwa, jambo ambalo mtu wa bando atalithamini. Tatu, haifungui picha zilizo mtandaoni ndani ya barua mpaka uruhusu. Picha hizo hula data, na nyingine zimewekwa makusudi kumjulisha mtumaji kwamba barua yake imefunguliwa.

Ina kasoro zake. Mipangilio ni mingi mno, na anayeifungua mara ya kwanza huona menyu ndani ya menyu hadi akate tamaa. Tangu toleo la 115 la mwaka 2023 sura yake imenyooka, lakini bado si ya kumfurahisha mpenda mapambo. Pia, barua unazofuta huendelea kushikilia nafasi kwenye diski mpaka folda zibanwe. Ikikuuliza kama ibane, kubali. Kwenye laptopu ya mtumba yenye diski ndogo, hilo pekee linaweza kuokoa gigabaiti kadhaa.

6. Kompyuta yangu ilikuja na Outlook. Mbona nisiitumie hiyo?

Kwanza ujue ni Outlook gani. Programu ndogo ya Mail iliyokuwa ndani ya Windows iliachwa na Microsoft tarehe 31 Desemba 2024, na nafasi yake ikachukuliwa na Outlook mpya ya bure. Hii ina matangazo. Jambo zito zaidi ni kwamba ukiweka akaunti isiyo ya Microsoft, mathalani Gmail au ile yako ya .co.ke, barua zake hupitishwa na kunakiliwa kwenye seva za Microsoft ndipo zikufikie. Kwa mtu binafsi hilo huenda lisimkoseshe usingizi. Kwa wakili, zahanati au chama cha akiba na mikopo chenye taarifa za wanachama, ni jambo la kuamuliwa na wakubwa kwa makusudi, lisitokee tu kwa kubofya "sawa" (tazama pia swali la 18).

Ile Outlook ya zamani, inayokuja na Office ya kulipia, ni nyingine. Ina nguvu, kalenda yake ni bora, na Microsoft imesema itaendelea kuihudumia hadi angalau 2029. Kama ofisi yenu tayari inalipia Microsoft 365, baki nayo. Kununua Office kwa ajili ya barua pepe peke yake ni kupoteza pesa.

7. Na eM Client, Apple Mail au zile za Linux?

eM Client ni safi na rahisi kuizoea, lakini toleo la bure lina mwisho wa akaunti mbili na ni la matumizi binafsi. Mwenye akaunti nne atalazimika kulipa. Apple Mail iko tayari kwenye Mac na iPhone, na kama vifaa vyako vyote ni vya Apple huna sababu ya kuhangaika. Kwenye Linux kuna Evolution na Geary. Ya kwanza ni ya ofisi, ya pili ni nyepesi.

8. Mimi kazi yangu yote ni kwa simu. Nitumie nini?

Kama ni Android, programu ya Gmail uliyo nayo inatosha kuliko watu wanavyodhani. Bofya picha yako juu kulia, ongeza akaunti, na utaona inakubali Yahoo, Outlook na akaunti yoyote ya IMAP. Ina pia mwonekano wa vikasha vyote kwa pamoja. Mwuzaji wa vipuri pale Kibuye mwenye Gmail mbili na anwani ya duka hahitaji kupakua kitu kingine.

Ukitaka udhibiti zaidi, kuna Thunderbird ya Android, iliyotoka Oktoba 2024 ikiwa imejengwa juu ya K-9 Mail ya miaka mingi. Ukishapanga akaunti kwenye Thunderbird ya kompyuta, unaweza kuzihamishia kwenye simu kwa kupiga picha msimbo wa QR, badala ya kuandika kila seva upya kwa kidole gumba. FairEmail pia ni huria na inajali faragha kuliko zote, ingawa mipangilio yake ni msitu.

Uwe mwangalifu na programu za bure zinazong'aa ambazo zinakuomba ufungue akaunti kwao kwanza. Nyingi huhifadhi funguo za akaunti zako kwenye seva zao ili zikutumie arifa haraka. Soma masharti yao kabla hujaweka anwani ya kazi.

9. Siwezi kuzikusanya zote ndani ya Gmail moja tu?

Hapo zamani ungeweza, na mafundi wengi wamewapangia watu hivyo. Gmail ya kwenye kivinjari ilikuwa na uwezo wa kwenda kuchota barua za akaunti nyingine kwa POP3. Google ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2026 inauondoa. Kama barua za .co.ke zilikuwa zikiingia Gmail yako kwa njia hiyo na ghafla kukawa kimya, anza kuchunguza hapo.

Zimebaki njia mbili. Moja ni kuweka akaunti ile kwenye programu ya Gmail ya simu kwa IMAP, kama ilivyo katika swali la 8. Nyingine ni kuiambia seva yako isambaze kila barua kwenda Gmail. Usambazaji huu ni rahisi, ila una madhara: barua taka nazo zinasambazwa, na Gmail ikiona seva yako inaleta uchafu mwingi huanza kuishuku hata kwa barua halali. Na tena Gmail ya bure ina gigabaiti 15 zinazogawanywa na picha zako na faili za Drive. Video za harusi zikijaza nafasi, barua za wateja nazo zitakataliwa.

## Kuunganisha akaunti

10. Nenosiri ni sahihi kabisa, lakini programu inalikataa. Kwa nini?

Hili ndilo swali linaloongoza. Kwa kawaida hujakosea herufi; kampuni kubwa zimeacha kupokea nenosiri la kawaida kutoka kwa programu za nje. Google ilifunga mlango huo kwa akaunti binafsi mwaka 2022, na Microsoft ikafanya vivyo hivyo kwa Outlook.com mnamo Septemba 2024.

Siku hizi programu inapaswa kukufungulia ukurasa wa kampuni yenyewe, uingie huko, kisha kampuni iipe programu kibali. Thunderbird, Outlook, Apple Mail na eM Client zote zinajua njia hii. Ukiona programu inakuomba nenosiri la Gmail kwenye kisanduku kidogo bila kukupeleka kwa Google, ni toleo la zamani, au aliyeipanga alichagua njia isiyofaa. Futa akaunti hiyo ndani ya programu na uiongeze upya.

Kama programu yako haiwezi, kuna nenosiri la programu: herufi 16 ambazo Google hukutengenezea kwa ajili ya programu moja. Utalipata tu baada ya kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nenosiri pamoja na uthibitisho wa pili, kwa mfano msimbo wa simu. Yahoo na iCloud nazo zina utaratibu kama huo.

Hapo kwenye hatua mbili, tahadhari moja. Watu wengi huweka namba ya simu pekee, na laini ikipotea au ikisajiliwa na mtu mwingine, wanajifungia nje. Google hutoa misimbo 10 ya dharura. Ichapishe saiba unayoiamini au uiandike kwa mkono, uweke pamoja na hati zako muhimu. Usiipige picha na kuiweka kwenye simu ile ile.

11. Biashara yangu ina anwani ya info@ yenye .co.ke. Niandike seva gani?

Mara nyingi seva ya kupokea ni neno mail likifuatwa na nukta na jina la kikoa chako (kile kinachofuata alama ya @), poti, yaani namba ya mlango wa seva, 993. Ya kutuma huwa jina hilo hilo, poti 465, au 587 ikikataa. Jina la mtumiaji ni anwani nzima, pamoja na alama ya @ na kinachofuata. Nusu ya simu tunazopigiwa kuhusu jambo hili huisha mtu akishaandika anwani nzima badala ya "info" peke yake.

Usitumie poti 25, wala usikubali muunganisho usio na usimbaji, yaani usiofunga barua kwa siri zikiwa njiani. Programu ikikuonya kwamba cheti cha seva hakilingani na jina, mpigie anayekuhifadhia tovuti akupe jina sahihi la seva. Kubofya "endelea tu" kutakuzoesha kupuuza onyo hilo hata siku litakapokuwa la kweli.

12. Akaunti ya chuo inakataa. Nimejaribu kila kitu.

Mwanafunzi wa Maseno, Masinde Muliro au Egerton anapokwama hapa, mara nyingi si yeye. Akaunti za taasisi zina msimamizi, na msimamizi anaweza kufunga IMAP au kuzuia programu asizoziidhinisha. Ukiona ujumbe unaotaja idhini ya msimamizi, andikia kitengo cha teknolojia cha chuo. Wakikataa, tumia programu rasmi ya kampuni inayohudumia chuo chenu.

Na usiifanye akaunti ya chuo kuwa ya HELB, ya kuomba kazi au ya eCitizen. Siku utakapohitimu, uamuzi wa kuiacha wazi au kuifunga si wako.

13. Proton na Tuta je?

Hizi ni huduma za barua pepe zinazosifika kwa faragha. Proton huhitaji kipande cha ziada kinachoitwa Bridge ili ifunguke ndani ya Thunderbird au Outlook, na hicho ni kwa wanaolipia. Tuta haina IMAP kabisa. Ukizitumia, kubali kwamba zitabaki kwenye programu zao.

## Matumizi ya kila siku

14. Nifungue kikasha kimoja cha wote, au kila akaunti ikae kivyake?

Vyote viwili, kwa nyakati tofauti. Kikasha cha pamoja ni kizuri asubuhi, unapopitia yaliyoingia usiku. Thunderbird inakiita Unified Folders, na kinapatikana kwenye menyu ya safu ya folda. Ni mwonekano tu. Barua hazichanganyiki kule kwenye seva.

Kwa kujibu, rudi kwenye akaunti husika. Mshauri wa Milimani anayefanya kazi na mashirika matatu hataki kumjibu mfadhili mmoja kwa anwani ya mwingine, na kikasha cha pamoja ndicho kinachozaa ajali hiyo. Unaweza pia kuipa kila akaunti rangi yake, ukaitambua kabla hujasoma hata jina.

15. Nawezaje kuepuka kujibu kwa anwani isiyofaa?

Unapojibu, kwa kawaida programu hutumia anwani iliyopokea barua. Hatari kubwa zaidi ni unapoandika barua mpya: hapo huchukuliwa akaunti iliyowekwa kuwa ya kwanza. Kwa hiyo ifanye akaunti ya kwanza iwe ile ambayo ikitokea kwa bahati mbaya haitakuaibisha.

Kisha ipe kila akaunti sahihi yake, yenye jina la biashara na namba ya simu. Chini ya barua ya duka ukiona sahihi ya shirika la kanisa, utasimama kabla ya kutuma. Ongeza pia kuchelewesha kutuma: Gmail hukupa hadi sekunde 30 za kutengua. Sekunde hizo 30 zimeokoa ndoa na zabuni.

16. Bando langu ni dogo na stima hupotea kila mara. Programu itasaidia au itanimaliza?

Ikiachwa ilivyo, inaweza kukumaliza. Thunderbird ya kompyuta, kwa mipangilio yake ya mwanzo, hupakua barua zote za akaunti ya IMAP ili uzisome bila mtandao. Mwenye Gmail ya miaka kumi akiiunganisha kwa bando la siku, data itaisha kabla barua hazijafika mwaka juzi.

Kwa hiyo unganisha mara ya kwanza mahali penye Wi-Fi ya kulipiwa kwa mwezi. Kama huna, mara tu akaunti inapoingia fungua mipangilio yake, sehemu ya kusawazisha na hifadhi, na uchague kuweka barua za siku 30 au 90 tu, na kutopakua barua inayozidi ukubwa fulani. Barua kubwa utaona kichwa chake, na utaipakua ukiihitaji. Ongeza pia muda wa kukagua barua mpya. Ofisi ndogo haihitaji kukagua kila dakika.

Ukishapanga hivyo, programu inakuwa rafiki wa mtu wa stima za kusuasua. Mkulima wa Njoro anaweza kufungua bei aliyotumiwa na mnunuzi na kuandika majibu matano bila mtandao, akayaacha kwenye kikasha toezi (Outbox, panaposubiri barua zisizotumwa bado), yakaondoka yenyewe simu ikishika mtandao. Kabla ya kufunga laptopu hakikisha kikasha hicho ni kitupu, maana barua iliyokwama humo haijatumwa, hata kama moyoni ulishaituma.

Jambo moja kuhusu viambatisho: Gmail hukuruhusu kutuma hadi megabaiti 25, lakini faili huongezeka kwa takriban theluthi moja inapofungwa ndani ya barua. Faili ya megabaiti 20 inaweza kukataliwa. Tuma kiungo cha Drive badala yake.

17. Nikifuta barua kwenye programu, inafutika kila mahali?

Kwa IMAP, ndiyo. Kuondoa programu, au kuondoa akaunti ndani ya programu, hakufuti barua. Kwa POP3 kinyume chake ndicho cha kuogopwa: kuondoa akaunti kunaweza kuondoka na nakala pekee iliyobaki. Soma swali la 20 kwanza.

## Usalama na hali ngumu

18. Kompyuta ya ofisi tunaitumia wengi. Naweza kuweka akaunti zangu?

Ikiwa kila mtu ana jina lake la kuingilia Windows, ndiyo. Ikiwa wote mnaingia kwa jina moja, usiweke. Nenosiri kuu la Thunderbird hufunga manenosiri yaliyohifadhiwa, lakini haligeuzi barua zilizoshushwa kuwa fumbo. Mwenye kuijua folda ya wasifu (ile ambamo Thunderbird huweka barua na mipangilio yako) atazisoma. Kwenye saiba tumia kivinjari cha faragha na utoke kabla hujaondoka.

Kwa biashara inayohifadhi taarifa za watu, hili ni la kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka mwenye data kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kugundua kwamba taarifa zimevuja na watu wanaweza kudhurika. Laptopu iliyopotea ikiwa na vikasha vya wagonjwa, bila diski kusimbwa, inaweza kuingia humo.

19. Watu watatu tunatumia info@ moja. Tunagongana.

IMAP inaruhusu wote watatu waingie kwa pamoja, na anayejibu ataonekana amejibu, maadamu kila programu inaweka barua zilizotumwa kwenye folda moja ya seva. Hilo ndilo hukosewa: mmoja anaweka "Sent," mwingine "Sent Items," wa tatu kwenye mashine yake, na mteja anajibiwa mara mbili kwa bei mbili. Kaeni chini mara moja, mwelekeze programu zote kwenye folda ile ile.

Kwa kugawana kazi, fungueni folda ndani ya akaunti, moja kwa kila mtu, na barua ihamishwe kwa anayeishughulikia. Mkizidi watano, njia hii inachoka, na afadhali kila mmoja apewe anwani yake.

20. Miaka yote nimetumia POP3. Barua zote ziko kwenye kompyuta moja. Nihame vipi?

Polepole, na usifute chochote siku ya kwanza. Funga Thunderbird, nakili folda nzima ya wasifu kwenye diski ya nje. Kisha ongeza anwani ile ile kwa mara ya pili, safari hii kwa IMAP, huku ya POP3 ikibaki. Sasa una mbili pembeni. Angalia nafasi iliyobaki kwenye seva, halafu buruta barua kutoka ya zamani kwenda mpya, mia chache kwa mara moja. Ukiburuta elfu kumi kwa mpigo, seva itakukatia katikati na hutajua zipi zimefika.

Kila gigabaiti unayoihamisha ni gigabaiti ya kupakia mtandaoni, kwa hiyo kazi hii si ya bando la simu. Ukimaliza, fungua akaunti kwenye kivinjari uone kama barua ziko huko kweli. Ondoa ya POP3 baada ya hapo, na ile diski ya nje iweke.

Kama seva yako ya .co.ke ni ndogo na barua za zamani hazitoshi, zile za kabla ya miaka michache ziache kwenye folda za ndani za Thunderbird. Hapo pekee ndipo tunakubali barua zikae kwenye mashine, tena ziwe na nakala mbili.

21. Yahoo yangu ya zamani siifungui, lakini iko kwenye iTax na benki. Kuna shida?

Ipo. Yahoo inaweza kufunga kikasha kisichoguswa kwa miezi 12, na Google inaweza kufuta akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka miwili. Ingia kwenye kivinjari leo, kisha badilisha anwani kwenye iTax, eCitizen, benki na chama chako cha akiba, moja baada ya nyingine, ukiwa bado unaweza kupokea msimbo wa kuthibitisha. Usisubiri Juni, siku za mwisho za kuwasilisha ritani.

22. Mfanyakazi ameondoka na alikuwa na akaunti ya biashara kwenye simu yake. Tufanye nini?

Kama ni anwani ya .co.ke, mwenye kikoa anaingia kwenye paneli ya seva na kubadilisha nenosiri. Kama ni Gmail iliyofunguliwa kwa namba ya simu ya huyo mfanyakazi, mambo ni magumu zaidi. Mwombe aje kabla hamjakosana. Badilisheni namba na barua pepe ya kurejesha akaunti kwanza, kisha nenosiri, kisha ondoeni vifaa vyote vilivyoingia. Google hufuta manenosiri ya programu unapobadilisha lile kuu, lakini vibali vilivyotolewa kwa programu za nje vikague kwa macho kwenye ukurasa wa usalama.

Waambieni waliobaki kabla ya kubadilisha. Programu kwenye simu zao zitaendelea kujaribu nenosiri la zamani kila dakika chache, na seva nyingi zikiona majaribio mengi yanayoshindwa huzuia mtandao mzima wa ofisi. Kila mmoja azime akaunti hiyo kwenye simu yake, nenosiri libadilishwe, kisha aweke jipya.